Ndani ya Benki za Uwekezaji (Sehemu ya 3): Kupanda Cheo Kabla ya Rika Lako

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulieleza kazi ya benki ya uwekezaji: kuzisaidia kampuni na serikali kuuza hisa na hatifungani, kununua kampuni nyingine au kujiuza, na kutoza ada kwa kazi hiyo. Tulikumbushana mwaka 2008, Serikali ya Kenya ilipouza robo ya Safaricom, hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja, na kazi ikasimamiwa na Morgan Stanley ya Marekani pamoja na Dyer & Blair ya Nairobi. Leo tunaingia ndani ya ofisi zenyewe, hasa za New York na London, tukiwa na swali ambalo kila kijana anayeajiriwa huko hulala nalo: nitapandaje cheo kabla ya wale nilioingia nao?

Anayetoka chuo kikuu huanza kama mchambuzi, na kwa desturi hukaa hapo miaka miwili au mitatu. Akipanda huwa mshirika, cheo wanachopewa pia wanaoingia wakiwa na shahada ya uzamili ya biashara. Baada ya miaka mitatu au minne hufuata makamu wa rais, kisha mkurugenzi, kisha mkurugenzi mtendaji. Majina haya yasimpoteze msomaji. Katika benki kubwa makamu wa rais ni maelfu, na hata wakurugenzi watendaji si wachache.

Walioajiriwa mwaka mmoja huhesabiwa kuwa rika moja. Mishahara yao hulingana, hupimwa wao kwa wao, na hupanda pamoja. Kinachowatenganisha ni bonasi. Utaratibu huu una sababu zake. Mteja analipa mamilioni ya dola kwa ushauri, na anataka cheo cha anayeketi mbele yake kimhakikishie kwamba mtu huyo ameshaona mambo mazito. Benki nayo haitaki kuvutana na mamia ya vijana, mmoja mmoja, kuhusu nani anastahili nini. Na kadiri unavyopanda, nafasi zinazidi kuwa chache: Goldman Sachs, ambayo kila baada ya miaka miwili huteua wabia wapya, yaani ngazi ya juu kabisa ya wakurugenzi watendaji wake, mwaka 2024 iliteua 95, ilhali wafanyakazi wake wanazidi 40,000.

Hata hivyo muda wenyewe si amri isiyobadilika. Novemba 2015 Goldman ilitangaza kwamba wachambuzi wake bora wangeweza kuwa washirika baada ya miaka miwili badala ya mitatu. Mwaka 2025 JPMorgan nayo ikapunguza muda hadi miaka miwili na nusu, na papo hapo ikaonya kwamba mwajiriwa mpya atakayekubali kazi kwingine kabla ya kutimiza miezi 18 ataachishwa. Mambo haya mawili yanatokana na hofu moja. Mifuko binafsi inayonunua kampuni nzima nzima huwavizia wachambuzi hodari mapema mno, na benki zimechoka kulea vijana na kuwapoteza wakiwa ndio kwanza wameanza kuwa na faida. Kijana anayeomba cheo mapema ajue hivyo: anapoonyesha kwamba anakusudia kubaki, anaipa benki kitu ambacho imekuwa ikikitafuta.

Sasa tuje kwenye kisa ninachokiona kuwa somo bora kuliko yote katika jambo hili. Mwaka 1998 Shule ya Biashara ya Harvard ilitoa kisa cha kufundishia kuhusu mtu anayeitwa humo Rob Parson, wa Morgan Stanley. Alikuwa ameajiriwa kutoka nje, katika kitengo ambamo benki ilikuwa dhaifu. Kwa muda mfupi alikiinua kutoka nafasi ya 10 sokoni hadi ya 3, na sehemu ya soko waliyoishika ikapanda kutoka asilimia 2 hadi asilimia 12.5. Wateja walimpenda. Alikuja akitarajia kuwa mkurugenzi mtendaji haraka, na ukitazama hesabu peke yake ungeshangaa kwamba kulikuwa na la kujadili.

Lakini Morgan Stanley ya miaka hiyo ilikuwa imebadilika. John Mack, aliyekuwa rais wake tangu 1993, alikuwa akiijenga iwe kampuni moja badala ya mkusanyiko wa mafundi wanaojitegemea, na alileta tathmini inayokusanya maoni ya kila upande: wakubwa, walio sawa nawe, hata walio chini yako. Katika mafaili ya Parson maoni hayo yalikuwa makali. Alikuwa mwepesi wa hasira, aliwatolea wadogo maneno ya kukata, aliwaruka wenzake na kufunga biashara peke yake. Bosi wake, aliyemleta mwenyewe, akabaki na kalamu mkononi: ampendekeze, au amwambie asubiri? Kisa kinaishia hapo bila jibu, na wanafunzi wamekuwa wakibishana juu yake tangu hapo.

Upande wangu ni huu: bosi alikuwa na deni kwa Parson, ila deni la kumweleza ukweli mapema, siyo la kumpa cheo. Mkurugenzi mtendaji hukabidhiwa watu. Wale wanaochelea kumpelekea habari mbaya watazificha, na katika kazi ya fedha habari iliyofichwa siku mbili inaweza kuharibu biashara nzima. Mapato aliyoleta yangelipwa kwa bonasi, maana bonasi ndiyo malipo ya kazi iliyokwisha kufanyika. Cheo hutolewa kwa kazi ambayo haijafanyika bado. Vijana wengi hufika kwa bosi na orodha ya walichofanya wakidhani wanadai haki yao, na hawaelewi kwa nini wanapigwa pambaja na kurudishwa mezani.

Basi kazi ambayo haijafanyika huonekanaje? Tuchukue usiku wa kawaida. Saa saba za usiku, mkubwa wa kazi anaandika barua pepe: ongeza mkopo kwenye hesabu ya ununuzi wa kampuni fulani. Mchambuzi mzuri hubadilisha namba katika jedwali lake la Excel, huhakikisha jumla zinaoana, hulituma. Mchambuzi aliyekwisha kuanza kufikiri kama mshirika hufanya hayo yote, kisha juu ya barua huandika mistari miwili: deni sasa limefika mara sita na nusu ya faida ya mwaka, na wakopeshaji tuliozungumza nao wiki iliyopita waliishia mara sita, nimeandaa pia hesabu ya pili yenye mtaji zaidi wa wanahisa. Mkubwa akiisoma hiyo asubuhi ndani ya teksi, amepunguziwa mzigo kabla hajafika ofisini. Hicho ndicho atakachokisimulia kwenye kamati ya kupandisha vyeo.

Na kamati ndiyo yenye neno la mwisho. Hapo huketi wakuu wa vitengo, wengi wao hawajawahi kukuona, kila mmoja akiwa na watu wake wa kuwatetea. Bosi wako akisema unafaa na wengine wakanyamaza, jina lako linapita kama upepo na kusahauliwa. Akisema, na mtu wa kitengo kingine akaongeza, "Huyo nilifanya naye kazi kwenye ile dili ya hatifungani, tulitulia kwa sababu yake," mambo yamegeuka. Kwa hiyo maandalizi ya kupanda mapema huanza mwaka mzima kabla, kwa kujitolea kwenye dili zinazokuvusha hadi vitengo vingine. Wakati wa kuomba nao una maana. Ukisubiri bonasi itangazwe, majina yameshafungwa. Zungumza miezi sita kabla, na usiulize "mtanipandisha?" Uliza: "Kwenye kamati, ni nini kitakachosemwa dhidi yangu?" Swali la pili hulazimisha jibu la kweli, na linakuachia muda wa kurekebisha.

Kuna gharama ambayo sioni ikitajwa vya kutosha. Anayeruka rika lake anaacha kundi ambamo yeye alikuwa wa kwanza, anaingia kundi ambamo yeye ni wa mwisho. Mwaka wa kwanza anapimwa na watu waliomzidi miaka na mikutano, na bonasi yake inaweza kuonyesha hivyo. Soko likianguka, kama lilivyoanguka mwaka 2008 Bear Stearns ilipouzwa kwa JPMorgan na Lehman Brothers ikafilisika, mwenye cheo kikubwa asiye na wateja wake mwenyewe huwa katika hatari zaidi, kwa sababu mshahara wake umepanda kabla ya mizizi yake.

Na kuna gharama nzito zaidi. Agosti 2013 kijana wa miaka 21 kutoka Ujerumani, aliyekuwa akifanya mafunzo ya kazi katika benki ya uwekezaji London, alikutwa amefariki nyumbani kwake baada ya siku za kufanya kazi usiku kucha. Uchunguzi ulibaini alipata kifafa. Miezi michache baadaye Goldman iliwataka wachambuzi wake wakae nje ya ofisi kuanzia saa tatu usiku Ijumaa hadi saa tatu asubuhi Jumapili. Bado mwaka 2021 wachambuzi 13 wa mwaka wa kwanza wa benki hiyo hiyo walieleza kwamba walikuwa wakifanya kazi saa zipatazo 95 kwa wiki, na mwaka 2024 JPMorgan ikaweka kikomo cha saa 80. Anayetaka kuwapita wenzake kwa saa hana nafasi iliyobaki ya kuwapita. Saa zote zimeshachukuliwa. Nawasihi wazazi wanaojivunia mtoto aliyepata kazi huko wamuulize kwanza analala saa ngapi, kisha ndipo wamuulize cheo.

Ukikataliwa cheo, omba uambiwe nani kwenye kamati hakukufahamu, na uombe dili yake inayofuata. Ukikataliwa mara ya pili kwa sababu zilezile, tazama nje. David Solomon, aliyeanza kuiongoza Goldman mwaka 2018, hakulelewa humo tangu uchambuzi: aliingia mwaka 1999 akitoka Bear Stearns, moja kwa moja kwenye ubia. Wapo wanaohama kwa hasira na wapo wanaohama wakiwa na wateja wanaowafuata, na wa pili ndio wanaopewa cheo mlangoni.

Wiki ijayo: bonasi hupangwaje, na kwa nini sehemu yake hulipwa kwa hisa usizoruhusiwa kuziuza mara moja.