Wenzo Mpya, Mkono wa Zamani

Aliyeishi Bukavu anaujua mlio huu hata kama hajawahi kushika bunduki: klak! Chuma kimegonga chuma, na mtu mwenye Kalashnikov ameshusha wenzo wa usalama. Usiku, nyuma ya kuta za mbao za Kadutu au Bagira, mama akiusikia huwalaza watoto sakafuni kabla risasi ya kwanza haijatoka.

Wenzo huo ndio ninaotaka kuuzungumzia leo. Wakufunzi wa walinzi na wa polisi huniuliza kama wakati umefika wa kuubadilisha. Viwanda mbalimbali duniani huuza vipande vya kuurekebisha: wenzo wenye kibao kidogo cha kuegemeza kidole, wenzo wa pili upande wa kushoto karibu na kidole gumba, mpini wa kukoki uliorefushwa. Picha zake zinavutia, na sababu zinazotolewa zina maana. Lakini kabla ya kujibu, mimi huuliza kwanza: mikono itakayoishika bunduki hiyo imezoea nini?

Tuanze na chuma chenyewe. Kalashnikov, iliyobuniwa mwaka 1947 na kuingizwa rasmi katika jeshi la Kisovieti mwaka 1949, ina wenzo mmoja mrefu upande wa kulia. Ukiwa juu kabisa, bunduki imefungwa: kifyatulio hakifanyi kazi, mpini wa kukoki hauwezi kuvutwa hadi mwisho, na ubapa wa wenzo huziba mwanya ambao vumbi na matope yangepitia. Ukishuka hatua moja, bunduki inatoa risasi mfululizo. Ukishuka hadi chini, inatoa risasi moja kwa kila mvuto wa kidole. Wataalamu wengi hueleza mpangilio huo hivi: askari aliyeshikwa na hofu huusukuma wenzo kwa nguvu zake zote mpaka unapogota, na hapo unapogota ni penye risasi moja moja. Mtengenezaji alimfikiria mtu anayetetemeka.

Malalamiko nayo ni ya haki. Wenzo ni mgumu. Anayetumia mkono wa kulia hulazimika kulegeza mshiko wake ili aufikie. Na ule mlio humfichua mlinzi wa hifadhi msituni, tuseme huko Kahuzi-Biega, mbele ya jangili ambaye mlinzi angependa kumkamata bila vita. Matokeo yake ni mabaya kuliko usumbufu tu: walinzi wengi hutembea na wenzo ukiwa umeshushwa tayari, kwa kuwa kuushusha baadaye ni kazi. Kifaa cha usalama kinachomchosha mtumiaji mwishowe huachwa. Kwa hiyo anayetaka mabadiliko asidhaniwe kuwa mpenda mapambo. Ameona tatizo la kweli.

Ugumu unaanzia kwenye mwili wa mtu. Ujuzi wa mikono huanza kichwani, kisha kwa kurudiarudia hushuka mikononi, na ukishafika huko kichwa hakiulizwi tena. Fundi cherehani haangalii mguu wake. Dereva wa teksi anayetoka Nguba kuelekea Place de l'Indépendance hatafakari gia. Hiyo ni neema, kwa kuwa akili inabaki huru kuangalia barabara. Lakini mazoea yana taabu, kama walivyosema wahenga. Mtu akishtuka, moyo ukaenda mbio na macho yakaona kitu kimoja tu, mkono hutenda ulichokirudia mara nyingi zaidi, wala si kile alichofundishwa wiki iliyopita.

Watu wa Bukavu wana mfano wa jambo hili kila siku. Kongo tunapita kulia, lakini magari mengi ya mji huu yana usukani upande wa kulia, kwa sababu yalitengenezewa nchi zinazopita kushoto na kutufikia kupitia bandari za Afrika Mashariki. Dereva aliyejifunza kwenye usukani wa kushoto akihamia gari hilo, siku za kwanza anapotaka kuonyesha kuwa anakata kona, huwasha waipa badala ya taa. Tunacheka, kioo kinafutwa, safari inaendelea. Kosa la namna hiyohiyo likifanywa na kidole kilicho kwenye bunduki halina wa kulicheka.

Ulimwengu ulijifunza somo hili kwa gharama kubwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Marubani wa ndege za kivita za Marekani za B-17 walikuwa wakitua salama, kisha wakiwa bado kwenye njia ya kutua wanayakunja magurudumu, na ndege inalala kwa tumbo. Walidhaniwa wazembe. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipochunguza chumba chao, aliona kwamba swichi ya magurudumu na swichi ya mabapa ya mabawa zilifanana na zilikaa karibu. Dawa yake ilikuwa nyepesi: kishikio cha magurudumu kipewe umbo la gurudumu, na cha mabapa kipewe umbo la kabari, ili mkono utambue kabla ya kukosea. Tangu hapo, mtaalamu mwadilifu hamlaumu mtumiaji kabla ya kuchunguza kifaa. Mimi naongeza upande wa pili: asikisifu kifaa kipya kabla ya kumchunguza mtumiaji.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu historia ya jeshi letu ni darasa tosha. Jeshi la Taifa la Kongo, lililozaliwa baada ya uhuru wa 1960, lilitumia sana bunduki ya FAL iliyotengenezwa Ubelgiji, huko Herstal. Katika FAL, wenzo uko kushoto, juu kidogo ya mshiko, na kidole gumba cha kulia huufikia bila mkono kusogea. Baadaye Kalashnikov na nakala zake za Kichina zilienea, na waasi wa AFDL walipoingia Bukavu Oktoba 1996, bunduki iliyoonekana mikononi mwa wengi ilikuwa hiyo. Askari waliobaki jeshini walibadilishiwa silaha. Mazoea yao hayakubadilishwa kwa kasi hiyo.

Tofauti mbili za bunduki hizi zinatosha kuonyesha hatari. Ya kwanza ni mpangilio. Kwenye FAL, hatua ya kwanza kutoka usalama ni risasi moja moja, na mfululizo unafuata. Kwenye Kalashnikov, hatua ya kwanza ndiyo mfululizo. Mkono uliozoea kwamba hatua moja maana yake risasi moja, ukifanya hivyohivyo kwenye Kalashnikov, unamwaga masasi.

Ya pili imefichika zaidi. FAL unaweza kuikoki huku ikiwa kwenye usalama, kwa hiyo unaweza kuisafisha na kuhakikisha haina kitu huku kifyatulio kimefungwa. Kalashnikov haikubali, maana wenzo uliofungwa huuzuia mpini. Ili uikoki hadi mwisho na kuitoa risasi iliyomo, ni lazima kwanza ufungue usalama. Isitoshe, FAL ikiishiwa risasi kwa kawaida hubaki wazi, na jicho linaona. Kalashnikov ya kawaida hujifunga kama vile bado imejaa. Alama ambayo askari wa FAL aliiamini kwa miaka, kwenye silaha mpya haipo.

Niliwahi kuliona hili kwa macho yangu, kwenye uwanja wa shabaha. Mzee mmoja aliyeanza uaskari enzi za Zaire, mtulivu, mwenye nidhamu kuliko vijana wote waliokuwepo, aliagizwa kupiga risasi moja. Zikatoka nne au tano, na udongo ukaruka mbele ya miguu ya mwenzake. Nilipomwendea mikono yake ilikuwa ikitetemeka.

“Mzee, umeshusha wapi?”

“Pale pa kwanza, Mwalimu. Nilijua ni chini kabisa. Nilijua. Mkono umeenda wenyewe.”

Alisema kweli tupu. Alijua, na kujua hakukutosha.

Fikiria basi hali hiyo ikizidishwa mara maelfu. Baada ya makubaliano ya amani ya 2002 na 2003, wapiganaji wa makundi yaliyokuwa yakipigana wao kwa wao walichanganywa katika brigedi mpya kwa mpango ulioitwa brassage. Huku kwetu Kivu ya Kusini, Luberizi katika bonde la Ruzizi ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Safu moja iliweza kuwa na mtu aliyefunzwa rasmi, mwingine aliyejifunza porini kwa kumwangalia mwenzake, na mwingine aliyeshika bunduki akiwa bado mtoto. Sare zilifanana, na mazoea ya kila mmoja yalibaki yake. Kikosi cha namna hiyo ukikigawia bunduki zenye nyenzo za aina tatu, umepanda ajali shambani na utaivuna.

Watengenezaji makini wanalijua jambo hili, na ndiyo maana bunduki nyingi mpya huongeza bila kufuta. Waisraeli walipounda Galil katika miaka ya 1970 kwa kufuata mfumo wa Kalashnikov, waliubakiza wenzo wa kulia na kuunganisha nao wa pili upande wa kidole gumba. Mpini wa kukoki waliupinda kuelekea juu ili mkono wowote uufikie. Warusi, katika AK-12 iliyopokelewa jeshini mwaka 2018, waliuacha wenzo mahali pake na kuuongezea kibao cha kidole. Waliweka pia hatua ya risasi mbilimbili, kisha wakaiondoa katika toleo la 2023. Nao Wamarekani, walipoichagua mwaka 2022 bunduki ya SIG Sauer ichukue nafasi ya M4, walipata mpini mpya wa kukoki ubavuni kushoto, lakini ule wa nyuma ambao askari wao waliuzoea kwa vizazi ulibaki palepale. Mkono wa zamani ukikirudia ulichokizoea, bado unakikuta.

Kutokana na hayo, napendekeza mizani yenye maswali manne.

Kwanza, badiliko linaponya kosa gani? Kama ni walinzi kutembea na usalama ukiwa wazi kwa sababu wenzo ni mgumu, hilo ni kosa la kuponywa. Kama ni kutaka bunduki ifanane na ya kwenye picha, tuishie hapo.

Pili, mazoea ya zamani yakijitokeza kwenye kifaa kipya yataleta nini? Hili ndilo swali zito kuliko yote. Kibao cha kidole kinafaulu: anayekisahau bado anaushusha wenzo kama zamani na kupata matokeo yaleyale. Wenzo wa kushoto unaofuata mpangilio uleule nao unaweza kufaulu, mradi hautikisiki wala hausukumwi na mkanda au nguo. Kifaa kinachogeuza mpangilio, ili hatua ya kwanza iwe kitu kingine, mimi nakikataa hata kama kwenye karatasi kinaonekana bora.

Tatu, je, wote watabadilisha? Uswidi ilipoamua kuhama kutoka kupita kushoto kwenda kulia, haikuruhusu kila dereva achague siku yake. Tarehe 3 Septemba 1967, saa 11 alfajiri, nchi nzima ilihama kwa pamoja baada ya maandalizi marefu. Katika kikosi watu huazimana silaha na hupokezana zamu. Kumi wakibadilisha na ishirini wakabaki, kila anayeokota bunduki ya mwenzake anabahatisha.

Nne, nani atalipia marudio? Sisemi bei ya chuma. Nasema saa za kurudia tendo lilelile kwa bunduki tupu, iliyokaguliwa na watu wawili, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka jipya lilishinde la kale hata mtu akiwa amechoka au ameshtuliwa. Mkuu anayenunua vipande bila kutenga muda huo amenunua hatari kwa fedha taslimu.

Kwa hali tuliyo nayo, hukumu yangu ni hii: kibao cha kidole kinakubalika kikiwekwa kwa kikosi kizima na kufanyiwa mazoezi. Vingine vingoje. Na hakuna wenzo, mpya wala wa zamani, unaochukua nafasi ya mazoea matatu yanayofaa kwa bunduki yoyote ile: mtutu usielekezwe kwa mtu, kidole kisiguse kifyatulio kabla ya uamuzi, na chemba ikaguliwe kwa jicho na kwa kidole, si kwa kudhani. Mwenye kuyashika hayo, siku mkono wake ukikosea wenzo, risasi itaingia ardhini.

Nasisitiza haya kwa ajili ya mji huu. Bukavu imeona bunduki zikiingia 1967, 1996, 2004 na 2025, na kila mara zilikuja na mikono yenye mafunzo tofauti au isiyo na mafunzo kabisa. Ubao wa nyumba ya Kadutu hauzuii risasi. Yule mama aliyewalaza watoto sakafuni hakuulizwa kama wenzo ubadilishwe, na hatajua kamwe kama kilichopenya ukuta wake kilikusudiwa au ni kidole kilichokwenda kilikozoea. Anayeagiza kipande kipya na amfikirie yeye kwanza, kisha ndipo aangalie picha.