Kombe la Sabuni na Uwanja Usiofunguliwa

Katika mitaa ya Tudor, hapa Mombasa, ambako kila alasiri watoto hufukuzana na mpira mpaka adhana ya magharibi iwarudishe majumbani, wazee wakianza kusimulia kandanda la zamani aghalabu hulitaja Kombe la Gossage, na vijana wanaowasikiliza hudhani kuwa hilo ni jina la gavana fulani wa Kiingereza, au la mchezaji aliyekuwa hodari katika zama zake, ilhali kwa hakika ni jina la sabuni. Wala jambo hilo si dogo kwa mtu anayetaka kuifahamu biashara ya mashindano ya nchi jirani, kwa kuwa mashindano ya kwanza makubwa baina ya mataifa yetu ya Afrika Mashariki yalidhaminiwa na mfanyabiashara aliyetaka bidhaa yake ifike katika kila beseni la kufulia, kutoka pwani hii mpaka ng'ambo ya Ziwa.

William Gossage alikuwa mkemia wa mji wa Widnes, kaskazini ya Uingereza, aliyevumbua namna ya kutengeneza sabuni ya bei nafuu iliyowafaa watu wa kipato kidogo, akafariki mwaka 1877 akiacha kampuni iliyoendelea kuuza mizigo yake katika makoloni. Mwaka 1926, jina lake likiwa limekwisha kuwa alama ya biashara tu, lilitiwa katika kombe la kushindaniwa na Kenya na Uganda. Tanganyika ikajiunga mwaka 1945 na Zanzibar mwaka 1949, na mpaka lilipokoma mwaka 1966 lilikuwa limechezewa mara 37. Mwenye sabuni alifahamu kuwa jirani humtazama jirani kwa jicho kali zaidi kuliko anavyomtazama mgeni wa mbali, na kwamba mtu aliyefungwa na ndugu yake atarudi mwakani kutafuta kisasi, tena atarudi na rafiki zake wote. Kwa hiyo hakuwa na haja ya kumtuma mchuuzi wa kumsifia bidhaa, kwani jina lake lilitajwa bure barazani, gazetini na garini, na hao hao waliolitaja ndio waliokuwa mushtiri wake.

Baada ya hapo majina yalibadilika. Kuanzia mwaka 1967 kombe likaitwa Chalenji, mwaka 1973 likawa la CECAFA, baraza la soka la Afrika Mashariki na Kati, na wadhamini wakapokezana: katika miaka ya karibuni tumeona tajiri Mohammed Al Amoudi akilitolea mali yake, kisha kampuni ya bia, kisha mwaka 2013 kampuni ya televisheni ya GOtv. Nami sioni haya kusema kwamba katika hao wote, aliyetufaa zaidi sisi wa pwani ni yule wa sabuni, kwa sababu sabuni huingia katika kila nyumba pasipo kumkwaza mtu katika dini yake, ilhali bia iliposhika kombe, mzazi wa Kiislamu wa Mji wa Kale aliona taabu kumnunulia mwanawe fulana yenye jina lile.

Lakini aibu kubwa haiko katika majina. Iko katika hesabu. Mashindano ya namna hii yana gharama ambazo hazipungui, kwa kuwa timu zote sharti zisafirishwe, zilazwe, zilishwe na kutibiwa hata kama viti vya uwanjani vitakuwa vitupu. Ilhali mapato hutegemea mdhamini anayeweza kujitoa wakati wowote, na mlango wa uwanja ambao hufurika siku ya jirani na jirani tu. Ndiyo maana Chalenji haikuchezwa mwaka 2014, wala 2016, wala 2018. Nchi kubwa zilivumilia, kwani zina mashindano mengine ya kuwashughulisha wachezaji wao. Zanzibar ndiyo iliyopata hasara ya kweli, kwa kuwa si mwanachama wa FIFA, na uanachama wa CAF iliopewa Machi 2017 ulibatilishwa miezi michache baadaye, hata Chalenji ikabaki kuwa uwanja wake wa kuonekana kama taifa. Visiwa hivyo vilitwaa kombe mwaka 1995, na Desemba 2017 vikaifikisha Kenya kwenye mikwaju ya penalti katika fainali iliyochezwa Machakos. Kumnyima mshindani wa namna hiyo mashindano yake ni kuharibu bidhaa yako mwenyewe.

Sasa nije nyumbani. Desemba 2013, Mombasa ilipopewa mechi za robo fainali, Uganda na Tanzania zilitoka sare ya mabao mawili kwa mawili katika uwanja wa manispaa, na Tanzania ikashinda kwa penalti. Mtu akitaka kujua mechi kama hiyo ina thamani gani, asianzie kwenye tikiti. Aanzie kwa mama anayemenya viazi vya karai tangu alfajiri, kwa sababu anajua siku hiyo karai lake litajazwa mara tatu. Aende kwa muuza muhogo wa kukaanga na pilipili ya ndimu, kwa kijana wa madafu na mkokoteni wake, kwa mwenye tuktuk anayekwenda na kurudi baina ya Tudor na Mwembe Tayari bila ya kupumzika, kwa fundi cherehani aliyeshona bendera, kwa mwenye nyumba ya wageni aliyepokea watu wa Tanga waliovuka mpaka wa Lungalunga. Fedha hizo haziandikwi katika daftari la shirikisho lolote, lakini ndizo zinazolala mjini. Fedha za mdhamini na za televisheni hupita juu kama ndege, ziende zinakokwenda. Za karai hulipa karo ya shule. Kwa hiyo kila mechi inayochezwa kwingine ni riziki iliyoondoka hapa.

Na zimechezwa kwingine nyingi. Uwanja wetu ulivunjwa ili ujengwe upya, na miaka ikapita. Bandari FC, timu ya mamlaka ya bandari, ambayo mechi zake za ligi huchezea Mbaraki, ilipoingia katika Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2019, ilibidi iwapokee wageni wake Nairobi, kiasi cha kilomita 480 kutoka kwa mashabiki wake: timu ya mji wenye bandari kubwa kuliko zote za Afrika Mashariki haikuwa na mahali pa kumkaribisha mgeni. Kisha Agosti 2025, Kenya, Uganda na Tanzania zilipoandaa kwa pamoja mashindano ya CHAN, ya mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za nyumbani, mechi zilichezwa Nairobi, Kampala, Dar es Salaam, na Unguja katika uwanja wa Amaan. Mombasa haikupata hata moja. Amaan ulijengwa mwaka 1970, ukafanyiwa ukarabati mkubwa mwaka 2023, na ukarabati huo ukamalizika. Hiyo ndiyo tofauti yote iliyopo baina ya kisiwa hicho na hiki chetu, wala tusiitafute katika bahati.

Wako wanaosema kwamba mapenzi ya timu za nyumbani yamekwisha, kwamba vijana hutazama ligi za Ulaya tu. Sikubali, na dalili ninaipata mbali, huko Australia, katika mchezo wa raga ya ligi, ambao kwa sadfa ya kupendeza ndio mchezo unaotukuzwa katika mji ule ule wa Widnes uliotupa Kombe la Gossage. Huko vilabu vya Sydney vyenye fedha nyingi viliwachukua vijana hodari wa jimbo la Queensland, na kwa kuwa mchezaji alilichezea jimbo la klabu yake, vijana hao wakawa wanawafunga ndugu zao wenyewe, mpaka watu wakaanza kuchoka na mechi zisizo na ushindani. Mwaka 1980 ikawekwa kanuni kwamba katika mechi moja kila mmoja alichezee jimbo la asili yake; Arthur Beetson, akiwa na umri wa miaka 35, akaiongoza Queensland kuishinda New South Wales kwa 20 kwa 10, na tangu 1982 mechi hizo zimekuwa tatu kila mwaka, na ni katika mali zenye thamani kubwa kabisa katika michezo ya nchi ile. Hawakununua wachezaji wapya. Waliwarudisha kwao tu.

Nasi tuna wa kuwarudisha. Mji huu ulitoa klabu ya Feisal, iliyokuwa bingwa wa Kenya mwaka 1965, na mpaka leo vijana wa pwani wametawanyika katika vilabu vya bara kutafuta ujira. Pwani ikicheza na Nairobi, au Mombasa na Unguja, kila mwaka kwa tarehe inayojulikana, wachezaji wakiitwa kwa asili yao, uwanja hautahitaji kupigiwa debe. Mtengeneza unga, mwenye mafuta ya kupikia, au kiwanda cha sabuni cha hapa hapa Changamwe kingepata kwa bei nafuu kile walichokipata wenye sabuni ya Gossage, mradi mkataba uwe wa miaka mingi na hesabu zisomwe hadharani.

Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027 limekabidhiwa Kenya, Uganda na Tanzania. Enyi mlioshika funguo za uwanja wa Mombasa, umalizeni, mwandike mlangoni umegharimu kiasi gani, kisha mtuachie mlango wazi: karai la viazi tutalileta wenyewe.