Baada ya kupunguzwa matiti, kulala nako ni kazi

MWANAMKE anayetoka hospitalini baada ya kufanyiwa upasuaji wa kupunguza matiti huwa amejiandaa kwa maumivu, dawa na kubadilishwa bendeji. Jambo ambalo wengi hawajiandai kwalo ni usiku. Aliyezoea kulala kifudifudi au kwa ubavu tangu utotoni huambiwa kwamba kwa majuma kadhaa atalala chali, kifua kikiwa kimeinuliwa, na tena akiwa amevaa sidiria.

Kwa mkazi wa Diani, Ukunda au Msambweni, agizo hilo lina uzito zaidi. Kati ya Desemba na Machi, wakati wa kaskazi, joto la usiku katika ukanda huo huwa karibu nyuzi 24, na unyevu wa bahari hufanya mwili utoke jasho hata mtu akiwa ametulia. Ni rahisi kuelewa kwa nini mgonjwa huvua sidiria saa nane za usiku na kugeukia upande wenye upepo.

Upasuaji huu si wa urembo pekee kama wengi wanavyodhani. Matiti mazito huleta maumivu ya mgongo na shingo, hukata mabega kwa mikanda ya sidiria, na chini yake ngozi huchubuka na kuota ukurutu kwa sababu ya jasho. Daktari huondoa mafuta, nyama na ngozi, wakati mwingine zaidi ya nusu kilo kila upande, kisha huipandisha chuchu mahali papya. Mkato unaotumika sana unafuata mchoro uliochapishwa mwaka 1956 na daktari Mmarekani, Robert Wise. Mshono wake huizunguka chuchu, hushuka wima, kisha hufuata mkunjo wa chini ya titi. Umbo lake ni la nanga, na ndivyo madaktari wenyewe wanavyouita.

Pale shina la nanga linapokutana na mkunjo wa chini ndipo ngozi huvutwa zaidi, na ndipo kidonda hupenda kufumuka. Anayelala ubavu mapema huliacha titi lining'inie upande mmoja na kuivuta mishono hiyo. Anayelala kifudifudi huyakandamiza matiti kwa uzito wa mwili wake na kuhatarisha damu inayoilisha chuchu. Kuinua kifua nako hupunguza uvimbe, hasa katika siku chache za mwanzo.

Madaktari wa upasuaji wa aina hii ni wachache nchini, na wengi wako Nairobi. Mgonjwa wa Kwale basi hukabiliwa na safari kabla hajakifikia kitanda chake, ama kwa feri ya Likoni ama kwa barabara ya Dongo Kundu. Mto mdogo ukiwekwa kati ya kifua na mkanda wa gari hupunguza maumivu ya kila tuta. Bodaboda haifai kabisa.

Nyumbani, jambo la kwanza kutazamwa ni kitanda chenyewe. Kitanda cha kamba kilicholegea humzamisha mtu katikati, mabega yakaja mbele, na kuinuka kutoka humo kunahitaji kujisukuma kwa mikono. Mkeka sakafuni una baridi nzuri, lakini una kasoro hiyohiyo ya kuinuka. Godoro gumu kwenye kitanda kisicho chini sana ni afadhali. Upande wa mchagoni hupangwa matakia au mito kuanzia kiunoni hadi kichwani, ili mgongo wote uegemee kwa mteremko wa nyuzi 30 hadi 45. Mto mmoja chini ya kichwa hautoshi. Hupinda shingo tu na kuacha kifua kikiwa bapa. Mito ya sufi hushindiliwa na kubonyea kabla ya alfajiri, hivyo iwekwe juu, na kitu kigumu zaidi kiwe chini.

Mto mwingine huwekwa chini ya magoti. Huo huzuia mwili kuteleza na huupumzisha mgongo, ambao ndio hulalamika zaidi kwa mtu asiyezoea kulala chali. Kanga mbili tatu zilizoviringishwa na kuwekwa ubavuni, moja kila upande, humzuia aliyelala kugeuka bila kujua. Kama daktari ameacha mirija ya kutoa maji ya kidonda, imwagwe na ifungwe vizuri kabla ya kulala ili isivutwe usingizini.

Hapa chandarua huzua tatizo ambalo vijikaratasi vya hospitali za ng'ambo havilitaji. Kukitundika na kukichomeka huhitaji kuinua mikono juu ya mabega, jambo ambalo mgonjwa amekatazwa. Hawezi pia kukiacha, kwa kuwa Kwale kuna malaria. Mtu mwingine hana budi kukitundika, na huyohuyo abebe ndoo ya maji na kumpakata mtoto. Wanawake wanaouficha upasuaji huu kwa kuona haya, wakiogopa kuambiwa wametaka urembo, hujinyima msaada huo. Wifi au mama mkwe asiyejua hawezi kulaumiwa kwa kumwachia kinu na mchi.

Sidiria maalumu huvaliwa usiku na mchana kwa muda ambao daktari amepanga. Suluhisho la joto ni kuwa na mbili za pamba, moja ikifuliwa nyingine ivaliwe, na feni ielekezwe miguuni. Mkaja, ambao wanawake wa pwani huufahamu tangu siku za uzazi, usihamishiwe kifuani. Ukikazwa hubana damu. Kukandwa kwa maji moto nako kusubiri. Ngozi ya matiti hufa ganzi kwa wiki au miezi, na mtu anaweza kuungua bila kuhisi. Barafu ikiwekwa moja kwa moja hudhuru vilevile.

Dawa ya maumivu ikimezwa kama nusu saa kabla ya kulala humpa mgonjwa saa kadhaa za usingizi. Aspirini isimezwe bila idhini ya daktari kwa kuwa huongeza kuvuja damu. Wakati wa kuamka, miguu hushushwa kwanza na mapaja ndiyo yafanye kazi, si mikono. Kwa Mwislamu, alfajiri huleta swali la kusujudu, ambako kifua huinama na mikono hubeba uzito. Sheria ya dini humruhusu mgonjwa kuswali ameketi, au kwa ishara akiwa amelala.

Kwa wengi, kulala ubavu huruhusiwa baada ya wiki mbili hadi nne, na kifudifudi baada ya wiki sita au zaidi. Daktari aliyekishona kidonda ndiye huamua. Mchana, kutembea kidogo kidogo ndani ya nyumba huzuia damu kuganda miguuni.

Lipo jambo moja la kuangaliwa sana katika kaunti hii. Homa ikimjia mgonjwa usiku, watu husema ni malaria, zikanunuliwa dawa dukani. Huenda ikawa malaria, lakini huenda pia kidonda kimeoza ndani, na hayo yanatofautishwa kwa kupimwa damu na kutazamwa mshono siku hiyohiyo. Titi moja likivimba ghafla na kukaza kuliko la pili, chuchu ikigeuka rangi na kuwa nyeusi au zambarau, usaha ukitoka, mguu ukiuma na kuvimba, au pumzi zikikatika, kusisubiriwe asubuhi. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Msambweni iko karibu kuliko Mombasa kwa wakazi wengi wa huko, na karatasi ya kutolewa hospitalini, yenye tarehe na aina ya upasuaji, ikae mahali ambapo yeyote nyumbani anaweza kuishika gizani.