Kosa la Daftari Halifutwi, Husahihishwa



Wiki ya kwanza ya Januari, mweka hazina wa chama chetu hapa Vällingby alituita tumsaidie kufunga hesabu za mwaka. Daftari lilionyesha krona 900 pungufu ya karatasi ya benki. Lau benki ndiyo ingepungua, ndimi zingekwisha kuteleza, na heshima ya mtu mwaminifu ingeingia shakani. Tulipopekua tukakuta makosa matatu.

La kwanza, pango la ukumbi la krona 4,500 liliandikwa 5,400. Tarakimu mbili jirani zikibadilishana nafasi, tofauti hugawanyika kwa 9 bila baki. Hiyo ndiyo dalili iliyotuongoza. La pili, pango la Januari, lililolipwa Desemba, lilihesabiwa kuwa gharama ya mwaka uliokwisha. La tatu ndilo zito: krona 3,000 zilizochangwa kwa ajili ya mayatima wa kwetu Pwani, nazo bado hazijapelekwa, ziliandikwa kuwa ada za wanachama. Lau zingebaki hapo, tungezila katika chai na pango huku tukidhani ni zetu.

Mmoja wetu alitaka kufuta kwa wino mweupe. Tukamzuia. Sheria ya Uswidi ya uwekaji hesabu ya mwaka 1999 yataka kila sahihisho lionyeshe limefanywa lini na nani. Na likifanywa kwa ingizo jipya, anayetazama ingizo la awali atambue kwa urahisi kwamba limesahihishwa. Chama kidogo kisichofanya biashara, ambacho mali yake haizidi krona milioni 1.5, kwa kawaida hakifungwi na sheria hiyo. Lakini adabu yake yamfaa kila mwenye kushika mali ya watu. Nasi twajua kwamba Aya ya 282 ya Surat al-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote, yaamrisha deni liandikwe, tena kwa uadilifu.

Basi tuliandika maingizo matatu katika hesabu za tarehe 31 Desemba:

1. Kushoto, Benki 900. Kulia, Pango 900.
2. Kushoto, Pango lililolipwa kabla 4,500. Kulia, Pango 4,500.
3. Kushoto, Ada za wanachama 3,000. Kulia, Amana ya mayatima 3,000.

Chini ya kila moja tulieleza sababu, tukaweka tarehe halisi ya kuandika na sahihi. Kando ya ingizo la zamani tukatia nambari ya jipya. Ingizo la pili hugeuzwa katika daftari la mwaka mpya, ili pango liangukie mwaka wake. Ziada yetu ikaongezeka krona 2,400, lakini zile 3,000 sasa zaonekana wazi kuwa ni deni juu yetu.

Katika mkutano mkuu, mweka hazina aliyasoma makosa yote matatu mwenyewe. Hapakuwa na la kunong'ona.

Twawaomba ndugu zetu mnaoshika fedha za arusi, mazishi na safari za Hija: msifute. Liacheni kosa lionekane, na sahihisho likae kando yake.

Wabillahi tawfiq.