Kila Mmoja Anamngojea Mwenziwe: Njia ya Sampuli kutoka Zahanati hadi Maabara

Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI amejifungua salama. Mtoto afikishapo wiki 6, mama humpeleka kliniki, na muuguzi humchoma kisiginoni na kudondosha matone ya damu kwenye karatasi maalumu. Karatasi hukaushwa, hufungwa pamoja na fomu, kisha husafirishwa hadi maabara ya mbali. Mama huambiwa arudi kuchukua majibu.

Hapo kungoja kunaanza, na kungoja huku kuna gharama. Takriban nusu ya watoto walioambukizwa wasiopata dawa hufariki kabla ya kutimiza miaka 2.

Tuseme majibu hayaji. Muuguzi anasema, "Sisi tulikwisha kutuma sampuli." Maabara inasema, "Sisi tulikwisha kuwajulisha." Wote wawili wanasema kweli. Kosa liko wapi basi?

Swali la namna hii lina elimu yake. Mwaka 1962 mwanahisabati Mjerumani, Carl Adam Petri, alitoa tasnifu kuhusu mawasiliano ya mashine, na kutokana na kazi hiyo ikapatikana michoro iitwayo nyavu za Petri. Vifaa vyake ni vinne tu. Duara ni hali, kwa mfano "sampuli iko njiani". Mstatili ni tendo, kwa mfano "kupima". Mshale huunganisha hali na tendo. Kete, mfano wa zile za bao, huwekwa ndani ya duara kuonyesha kwamba hali hiyo ipo sasa. Kanuni ni moja: tendo haliwezi kufanyika mpaka kila duara linaloelekeza mshale kwake liwe na kete. Likifanyika, huondoa kete moja katika kila duara la nyuma na kuweka moja katika kila duara la mbele.

Tuchore zahanati upande wa kushoto. Kete huanzia "mtoto amefika", hupita "kuchukua sampuli" na "kutuma", kisha hukaa katika "tunangoja majibu". Majibu yafikapo, mama hupewa, na kazi huisha. Kulia tuchore maabara: "kupokea", "kukagua", halafu njia panda. Sampuli nzuri hupimwa na majibu hutumwa. Ikiwa matone hayatoshi, au fomu haina namba ya mtoto, sampuli hukataliwa. Taarifa hutumwa, na maabara hungoja sampuli mpya. Katikati ya pande hizi huwekwa maduara ya mawasiliano: sampuli, majibu, na taarifa ya kukataliwa.

Kila upande ukitazamwa peke yake hauna kasoro. Lakini ziunganishe, kisha uisukume kete katika njia ya kukataliwa. Taarifa hufika katika duara la katikati na kubaki hapo, kwa maana upande wa zahanati hakuna tendo hata moja la kuichukua. Zahanati inangoja majibu. Maabara inangoja sampuli. Hakuna kete inayoweza kusogea. Huo ndio mkwamo, na anayeumia humo ni mtoto.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, mtaalamu wa Uholanzi Wil van der Aalst alizitumia nyavu hizi kuchunguza kazi zinazopita katika taasisi zaidi ya moja. Alieleza kuwa mtiririko wa kazi ni timamu iwapo, popote ulipofika, bado unaweza kumalizika. Ukimalizika haubakizi kete nyuma. Na hauna tendo lisiloweza kufanyika kamwe. Akaonyesha pia kwamba utimamu wa kila taasisi peke yake si dhamana ya utimamu wa zote zinapoungana.

Tiba ya mkwamo wetu ni tendo moja upande wa zahanati: kupokea taarifa ya kukataliwa, kumwita mama, na kuchukua sampuli upya. Pamoja na hilo, kila duara la kungoja lipewe mlango wa pili. Wavu wa asili hauhesabu siku, hivyo ni juu yetu kukubaliana: siku kadhaa zikipita bila majibu, mtu aliyetajwa kwa cheo apige simu maabara.

Ndugu mfanyakazi wa afya, kazi hii haihitaji kompyuta. Karatasi kubwa na punje za mahindi zinatosha. La muhimu ni kuketi meza moja na wenzako wa maabara, kila upande uchore kazi yake, kisha muulizane juu ya kila ujumbe unaovuka: nani anaupokea, na akishaupokea anafanya nini? Ujumbe usio na mpokeaji ni mkwamo unaosubiri siku yake.

Nawe mzazi, ngojangoja huumiza matumbo. Kabla hujaondoka kliniki, uliza mambo matatu: majibu yatarudi lini, yasiporudi nimwone nani, na sampuli ikikataliwa nitajuaje? Kisha hakikisha namba yako ya simu imeandikwa sawasawa. Bila namba hiyo, tendo la kumwita mama litabaki kwenye karatasi.