Distributa ya Volkswagen ya kale: ipi inafaa?

Gari la mwisho la Volkswagen Beetle la muundo wa kale lilitoka kiwandani Puebla, Mexico, mwezi Julai 2003. Yaliyosalia barabarani hutegemea vipuri vilivyokwisha kutumika, au nakala mpya ambazo ubora wake hautabiriki. Distributa ni kimojawapo, na kuichagua vibaya kuna gharama.

Kazi yake ni kugawa umeme kwa plagi nne kwa zamu, na kwa wakati barabara. Cheche ikichelewa, gari hukosa nguvu na injini hupata moto. Ikiwahi mno, pistoni yaweza kutoboka. Kwa kuwa injini hii hupozwa kwa hewa, na gari halina kipimo cha joto, dereva huenda asijue hadi hasara imekwisha kutokea.

Wauzaji wengi hupendekeza distributa ya Bosch iitwayo 009. Ni imara, lakini huiwahisha cheche kwa kufuata kasi ya injini peke yake. Haijui dereva amekanyaga mafuta kiasi gani. Ndiyo maana Beetle yenye kabureta moja, ikifungwa 009, mara nyingi husita inapoondoka, na fundi akahangaika na kabureta isiyo na kosa. Ile ya asili, yenye kikopo cha hewa kilichounganishwa na kabureta kwa mpira mwembamba, hulifaa zaidi gari la matumizi ya kila siku.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aushike mhimili wake na kuutikisa kando kwa kando. Ukicheza, aiache, hata kama imepakwa rangi ikang'aa: pointi hazitashika kipimo kamwe. Kisha aunyonye ule mpira na kuuziba kwa ulimi. Bamba la ndani lisogee na kubaki pale pale. Likirudi, kiwambo kimepasuka.

Nafasi ya pointi, zikiwa zimefunguka kabisa, ni milimita 0.4. Hupimwa kwanza, ndipo taimingi itegwe, kwani kubadili nafasi hubadili na taimingi. Grisi kidogo ipakwe pale pointi zinaposuguana na mhimili. Kondensa mpya za bei rahisi hufa bila onyo, hivyo ya zamani ingali nzima isitupwe.

Wapo wanaoondoa pointi na kuweka kifaa cha elektroniki. Hakihitaji kupimwa kila mara, na cheche yake haiyumbi. Lakini kikiungua safarini hakuna msasa wa kukiponya. Pointi na kondensa za zamani zikae garini, pamoja na bisibisi.