Picha za mzigo: usifute kwenye simu mpaka umezifungua kwenye flashi

Leo naongea na wewe unayefunga safari kufuata mzigo, unapiga picha, unarusha status, na wateja wanalipa kianzio kabla mzigo haujapanda basi. Wateja wako hawalioni duka, wanaona picha. Ukizipoteza njiani umepoteza biashara.

Mwaka jana nilishuka Dar kutoka Mbeya kufuata madera na vitenge. Siku 2 nilizunguka Kariakoo, Mtaa wa Kongo na jirani zake, mpaka miguu inawaka. Kila nguo nilipiga picha, na pembeni karatasi yenye bei na namba ya simu ya duka. Simu ikajaa. Nikanunua flashi barabarani, imeandikwa GB 512, elfu 15 tu. Nikaona nimeokota dodo chini ya mnazi. Usiku gesti nikahamisha kila kitu, picha na video za mizigo ya nyuma pamoja na mpya, kama GB 20. Nikaona majina ya picha yamejipanga, nikalala.

Nafika Mbeya nachomeka flashi, picha za zamani zinafunguka, mpya zote zina jina lakini ndani hamna kitu. Kwenye simu hamna, maana nilihamisha, sikunakili. Status nayo ikipita saa 24 imeondoka.

Kuna mama alikuwa ameshanilipa hela ya vitenge 12, sare ya sendoff ya binti yake. Picha ya kitenge alichochagua ilikuwa humo, na namba ya lile duka humo humo. Nikaelekeza kwa kukumbuka kichwani, kikaja kinachofanana. Alikiangalia akasema taratibu, "Mwanangu, siyo hiki." Sikuwa na cha kumwonyesha. Nilirudisha hela yote, na vitenge 12 vikabaki kwangu. Vingine bado ninavyo.

Fundi kompyuta ndiye aliyenielewesha. Flashi za namna ile ndani zina GB chache tu, ila zimechezewa zidanganye simu kwamba ni kubwa. Unaponakili haikatai, inaendelea kupokea. Nafasi ya kweli ikiisha, zinazofuata zinaandika jina tu au zinafuta zilizotangulia. Kwa hiyo kuona majina siyo ushahidi. Ushahidi ni picha kufunguka.

Kuna programu ya bure ya kompyuta za Windows inaitwa H2testw. Inaijaza flashi yote halafu inaisoma upya, inakwambia ina GB ngapi za kweli. Ifanye kabla ya safari flashi ikiwa tupu, na ukiwa na muda, maana flashi kubwa inaweza kuchukua masaa. Na kiukweli huhitaji GB 512. Picha ya simu nyingi ina MB 3 au 4, yaani picha 300 ni kama GB 1. Flashi halali ya GB 32 inakutosha safari nzima, labda uwe mtu wa video ndefu.

Sasa hivi nafanya hivi. Nina flashi 2 na kile kiunganishi kidogo cha OTG cha kuchomeka flashi kwenye simu. Kila jioni gesti, siyo ndani ya basi, nanakili picha za siku hiyo kwenye flashi zote 2. Nasema NANAKILI. Ukichagua kuhamisha na waya ukatikisika katikati, unaweza kukosa huku na kule. Ikimaliza naenda kwenye mipangilio ya simu naiondoa flashi kwa usalama, halafu ndo naichomoa. Kisha naichomeka kwenye simu nyingine, hata ya mwenzangu tuliyesafiri naye, nafungua picha ya kwanza, za katikati na za mwisho, nazivuta kubwa. Usipimie kwenye simu ile ile, wakati mwingine inakuonyesha kivuli cha picha iliyokuwa nacho tayari ukadhani iko kwenye flashi.

Flashi moja inakaa kwenye pochi ninayolala nayo, nyingine kwenye begi la nguo. Usiziweke pamoja na simu, mwizi wa stendi hachambui, anabeba pochi nzima.

Video ikikataa kuingia wakati nafasi ipo, angalia fomati. Flashi ya FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4. Ibadilishe iwe exFAT kama simu yako inaikubali, ila kubadili fomati kunafuta kila kitu, kwa hiyo fanya nyumbani.

Picha za oda zilizolipiwa nazituma pia WhatsApp kwa mdogo wangu dukani, usiku huo huo. Zitume kama dokyumenti. Ukituma kama picha ya kawaida inapunguzwa, na rangi ya kitenge mteja anaikagua kuliko unavyofikiria.

Kufuta kwenye simu nafanya nikishafika nyumbani tu. Simu ikijaa safarini nafuta nyimbo na video za vichekesho kwanza, hizo nitazipata tena.

Mwenye swali aandike hapo chini, nikifunga duka jioni najibu.